Kadi, Daftari na Kishikwambi: Kumbukumbu Zisizosubiri Mtandao Mbulu na Hanang

Agosti 23, 2022 makarani wa sensa waliingia vijijini mwa Mbulu na Hanang bila lile furushi la madodoso la sensa zilizotangulia. Mkononi walikuwa na vishikwambi. Karani aliuliza, akagusa jibu kwenye kioo, akahifadhi, akahamia kaya ya pili. Pasipokuwa na mtandao kazi haikusimama. Taarifa zilikaa ndani ya kifaa hadi karani afike penye mawimbi, azitume.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Kwa wilaya zilizokaa kwenye kingo za Bonde la Ufa, lina historia ndefu. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, na miteremko mikali ya Mbulu hukinga mawimbi. Ukishuka kuelekea Yaeda Chini, wanakoishi Wahadzabe, simu inaweza kugeuka saa na tochi tu.

Kabla ya simu, dawa ya tatizo hili ilikuwa karatasi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norwei, ilihudumia watu waliotawanyika mbali, na wahudumu wake wakafuata akina mama na watoto kwa kliniki za mkoba. Mama alitembea na kadi ya mtoto, kituo kikabaki na rejista. Chanjo iliandikwa kote kuwili. Moja ikipotea, nyingine inasema. Mfumo wa taarifa za afya, MTUHA, ulioenea nchini miaka ya 1990, uliendeleza utaratibu huo: muuguzi hujaza vitabu kila siku, mwisho wa mwezi hujumlisha na kupeleka ripoti wilayani.

Huko nje, wataalamu wa kompyuta walikuwa wakihangaika na swali hilohilo la kutunza taarifa pale njia isipoaminika, nao walilieleza kwa mfano wa vita. Majenerali wawili wa jeshi moja wamepiga kambi kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda. Akitangulia mmoja, ataangamia. Wa kwanza anamtuma tarishi: "Tushambulie alfajiri." Je, amefika, au ametekwa njiani? Wa pili anatuma jibu, naye sasa hajui kama jibu limefika. Hata wakitumiana tarishi mia, wa mwisho kutuma atabaki na shaka. Kitendawili hicho kilielezwa mwaka 1975 kwa kisa cha majambazi. Mwaka 1978 Jim Gray wa Marekani, bingwa wa miamala ya kompyuta, akakipa sura ya majenerali.

Fundisho lake ni kwamba njia ikiwa haiaminiki, hakuna ujumbe utakaoondoa shaka yote. Kinachowezekana ni kupunguza madhara. Andika kwako kwanza. Kila muamala uwe na namba yake, ili ukitumwa mara mbili uhesabiwe mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kikaanza kujenga mfumo wa Coda, ulioruhusu kompyuta kufanya kazi ikiwa imekatika kwenye mtandao, kisha kuoanisha mabadiliko ikirudi.

Mwaka 2008 Vodacom ilipozindua M-Pesa nchini, swali la majenerali likafika kwenye kibanda cha wakala. Pesa imekatwa, ujumbe haujaja. Mteja anasema haijatoka, wakala anasema subiri. Ndiyo maana mezani pana daftari lenye tarehe, kiasi, namba ya muamala na saini ya mteja. Anayerudia kutuma kabla ya kuangalia salio anaweza kulipa mara mbili: kilichopotea ni ujumbe, pesa ilishakwenda.

Sensa ilionyesha faida ya kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye. Mwaka 2012 wananchi walihesabiwa Agosti 26, matokeo ya awali yakatangazwa Desemba 31. Mwaka 2022 yalitangazwa Oktoba 31, kama miezi miwili tu baada ya zoezi, na Mkoa wa Manyara, zilipo Mbulu na Hanang, ukaonekana umetoka watu 1,425,131 hadi 1,892,502.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani. Barabara zilizibwa, na Jeshi la Wananchi likaingia katika uokoaji. Siku hiyo vilitajwa vifo 47. Baadaye idadi ikapita 80. Majeruhi walipelekwa hospitali za Hanang na nyingine hadi Babati. Katika hali kama hiyo jina moja likiandikwa kwenye kambi ya waathirika na hospitalini bila namba ya kuziunganisha kumbukumbu hizo, mtu mmoja huhesabiwa wawili, na ndugu humtafuta aliyekwisha kupatikana.

Halmashauri zinazopakana na milima zisisubiri minara zaidi ndipo zijiandae. Daftari la maafa la kila kijiji, lenye namba moja kwa kila mwananchi na nakala kwenye kifaa kinachofanya kazi bila mtandao, linaweza kuandaliwa sasa, kwa ujuzi ambao makarani wa sensa wa Mbulu na Hanang tayari wanao.