Kidhibiti cha ubao mama (BMC)

Kidhibiti cha ubao mama, ambacho mafundi hukiita BMC, ni kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani ya seva ili isimamiwe kutoka mbali. Kina prosesa na kumbukumbu zake, na mara nyingi tundu lake la mtandao. Seva ikichomekwa tu kwenye umeme, kidhibiti huamka, hata kama seva yenyewe imezimwa. Fundi aliye mji mwingine huweza kuiwasha, kusoma joto na kasi ya feni, na kuchagua ianzie wapi: kwenye diski, flashi au mtandao.

Kanuni za mawasiliano kati ya fundi na kidhibiti, IPMI, zilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC; toleo la 2.0 likafuata 2004. Redfish, kanuni mpya zaidi zilizokuja 2015, hutumia HTTPS.

Anwani ya IP ya kidhibiti hutolewa na DHCP au huandikwa kwa mkono. Kwenye Linux, amri *ipmitool lan set 1 ipsrc static* huifanya isibadilike. Kisha huwekwa anwani, kinyago cha mtandao na lango. Lango ndilo husahauliwa: kidhibiti hujibu vizuri kwa aliye kwenye mtandao uleule, lakini nje yake hakionekani kabisa.

IPMI 2.0 ina udhaifu mkubwa: humpa yeyote anayejua jina la mtumiaji alama fiche ya nywila kabla hajathibitishwa, naye akaivunje kwa nafasi yake. Ndiyo maana kidhibiti hutengewa mtandao wake, mbali na intaneti.