Kuficha Vifaru: Funzo la El Alamein

Usiku wa tarehe 23 Oktoba, 1942, mizinga ya Jeshi la Nane la Uingereza ilinguruma huko El Alamein, katika jangwa la Misri, na majeshi ya Ujerumani na Italia yakashikwa bila ya kutazamia. Jemadari Rommel mwenyewe alikuwa Ulaya akitibiwa. Waingereza walikuwa na vifaru vipatavyo 1,000, tena mahali pasipo na msitu wala kichaka cha kumficha hata mbuzi.

Kazi ya kuvificha alikabidhiwa Geoffrey Barkas, mtengenezaji wa filamu kabla ya vita, pamoja na wenzake. Hao walitambua kwamba jangwani kifaru hakiwezi kufichwa kisionekane na ndege. Basi wakaamua kionekane, lakini kwa sura nyingine. Walitengeneza vifuniko vyepesi vya mbao na turubai ambavyo, vikiwekwa juu ya kifaru, rubani aliye angani huona lori. Vifuniko hivyo vilitangulizwa upande wa kaskazini, vikachanganywa na malori ya kweli, mpaka wapelelezi wa adui wakavizoea. Kisha vifaru viliingizwa chini yake usiku, alama za minyororo mchangani zikafutwa, na kule vilikotoka vikasimamishwa vifaru bandia. Upande wa kusini nako likajengwa bomba la maji la uongo kwa madebe ya petroli, kwa mwendo wa kuonyesha kuwa halitakwisha kabla ya Novemba.

Hila hiyo ilifaulu. Divisheni ya 21 ya vifaru vya Ujerumani ilibaki kusini mpaka Rommel aliporudi na kuiita kaskazini tarehe 26 Oktoba. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba mapigano yaliendelea hadi mwanzoni mwa Novemba, na askari zaidi ya 13,000 wa upande wa Uingereza wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Turubai liliwapatia siku chache; ushindi ulipatikana kwa damu.

Miaka 57 baadaye, mwaka 1999, ndege za NATO zilishambulia kwa siku 78 majeshi ya Yugoslavia, yakiwemo yaliyokuwa Kosovo. Vita vilipokwisha ilitangazwa kwamba vifaru kama 120 vilikuwa vimepigwa. Baadaye NATO yenyewe ilipunguza hesabu hiyo hadi 93, na wakaguzi waliopita mashambani na vijijini walikuta mabaki ya vifaru 14 tu. Mabomu ya thamani kubwa yalikuwa yameangukia pia mbao na plastiki zilizoundwa kwa mfano wa silaha. Lakini kifaru kilichojificha ghalani hakipigani, na majeshi hayo hatimaye yaliondoka Kosovo.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na macho ya vita vya leo yameongezeka. Matawi na rangi ya kijani humdanganya mtu. Kamera inayoona joto la injini haidanganyiki kwa urahisi huo. Katika vita vya Ukraine, vilivyopanuka Februari 2022, ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kifaru, zimevisaka vifaru mchana na usiku. Majeshi yamejibu kwa nyavu za kupunguza joto, mahandaki na silaha bandia.

Ni dhahiri, basi, kwamba kuficha vifaru bado kuna faida, ila faida yake ni ya muda. Humchelewesha adui kuamua. Hakumzuii kuona daima. Ndani ya kila kifaru mna watu watatu au wanne. Kamanda anayeudharau wavu huwaponza mapema, na anayeutegemea peke yake huwaponza baadaye. Werevu wa El Alamein ulikuwa katika kuutumia vizuri muda ule mfupi kabla turubai halijafunuliwa.