Ifahamu Bukoba, Mji wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Bukoba ni makao makuu ya Mkoa wa Kagera, katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria. Kituo chake cha utawala kilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha, aliyekuwa akiitumikia Ujerumani. Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa, yakauteka mji na kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani, kisha yakaondoka.

Miongoni mwa vivutio vyake ni Kisiwa cha Musira, kinachoonekana kutoka ufukweni, na Kanisa Kuu alikozikwa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuteuliwa kuwa Kadinali, mwaka 1960. Mgeni hukaribishwa kwa ndizi, kahawa ya robusta na, msimu ukifika, senene.

Ziwa ni njia na riziki ya wakazi, kuanzia mjini hadi visiwa vya uvuvi kama Goziba, wilayani Muleba. Ziwa hilo pia limewaachia majonzi. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Novemba 6, 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani jirani na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walifariki dunia na 24 walinusurika. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuwafikia. Ujuzi wao wa maji ni hazina ya usalama wa mwambao huo.