Kutoka Kinampanda hadi GS: safari ya somo la wote

Chuo cha Ualimu Kinampanda, juu ya uwanda wa Iramba mkoani Singida, ni kikongwe kuliko Tanzania yenyewe. Chimbuko lake ni Walutheri wa misheni ya Augustana kutoka Marekani, walioingia Iramba miaka ya 1920. Huko kwao kanisa hilo la wahamiaji wa Kiswidi lilikuwa na vyuo vidogo, kikiwemo Augustana cha mwaka 1860, kilichoko sasa Rock Island, Illinois. Humo kijana alisomeshwa dini, historia, lugha na sayansi, awe anataka uchungaji au udaktari. Iramba sababu ilikuwa nyepesi zaidi: mwalimu wa kijijini alifundisha kila kitu, kwa hiyo ilimpasa ajue kila kitu japo kidogo.

Wazo la somo la wote lilipata sura mpya Dar es Salaam. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha huko waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Machi 1967 akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huohuo pale Mlimani, chuoni hapo, ukaitishwa mkutano wa kujadili chuo cha nchi ya kijamaa kifundishe nini. Hapo ndipo lilipoota somo la lazima kwa wote, ambalo baadaye wanachuo walilizoea kwa jina la DS (Development Studies). Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule na vyuo vya makanisa mikononi mwa serikali, na katika vyuo vya ualimu siasa na jembe vikaenda pamoja.

Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu iambatane na kazi, mtihani wa mwisho haukutosha tena. Kuanzia 1976 maendeleo ya darasani, kazi na tabia navyo viliingia kwenye alama. Kwangu mimi, somo la wote halijapata kuwa na nguvu kama wakati huo, wala kuwa na hatari kama hiyo. Mikono ya kijana ilihesabiwa sawa na kalamu yake, na hilo lilikuwa jema. Lakini aliyemfundisha siasa ndiye aliyempima uaminifu wake. Nani angeuliza swali gumu?

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, somo la siasa liliondoka. Sekondari za chini zikapata Uraia, kidato cha tano na sita wakasoma GS (General Studies): demokrasia, falsafa na dini, sayansi na teknolojia, mambo ya kimataifa. Ukisoma orodha hiyo unatamani urudi darasani. Lakini tazama karatasi ya matokeo ya Necta, Baraza la Mitihani, ya mwanafunzi wa miaka hiyo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) katika sekondari ya Mwenge, Singida mjini. G/STUDIES ilikuwemo, ilikuwa na alama yake, ila divisheni ilikokotolewa kwa masomo matatu ya kombi peke yake. Naye hakuwa mjinga: GS aliikariri mwishoni, fizikia ikishaisha, tena aliiandikia insha kwa Kiingereza, hata alipoulizwa habari za kijiji chake.

Ndiyo maana, katika mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, badiliko ninalolipa uzito kuliko yote ni Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima linalofundishwa kwa Kiswahili. Singida ina mengi ya kulilisha. Kuna dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kuna Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwakabili Wajerumani hao kwa nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida umepewa jina lake.

Muhtasari wa somo hilo ukishuka umekamilika kutoka juu, kama ulivyoshuka 1967 na 1992, Liti atakuwa jina la kukariri. Wakufunzi wa Kinampanda waachiwe nafasi ya kuandika sehemu yao, wawapeleke wanachuo kwa wazee wa Iramba na Unyaturu kuuliza na kunakili, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye alama za mwisho.