Ngano iliyofichua mashimo ya miaka 4,000

Ndugu mkulima, jua likiwa kali panda kilimani ulitazame shamba lako kutoka juu. Utaona mahindi hayako sawa. Kuna mstari uliobaki kijani wakati mengine yamekunja majani, na kuna kipande kilichogeuka njano mapema ingawa mbolea ulitia ile ile. Kabla hujamlaumu muuza pembejeo, nisikilize.

Mwaka 1925 rubani wa jeshi la anga la Uingereza, Gilbert Insall, aliruka karibu na Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale, akaona duara ndani ya shamba la kawaida. Mwaka uliofuata ngano iliposimama akapiga picha: ndani ya duara kulikuwa na madoa meusi, mizunguko ndani ya mizunguko. Maud Cunnington na mumewe Ben walianza kuchimba 1926, wakakuta mashimo ya nguzo za miti, mizunguko sita, ya zaidi ya miaka 4,000. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani. Leo mahali hapo panaitwa Woodhenge.

Ngano ilijuaje? Udongo wa pale ni mwembamba, chini ni mwamba wa chokaa. Shimo likichimbwa kisha likajaa udongo, huwa na kina na hushika maji. Ukame ukija, mmea ulio juu yake hunywa, hurefuka, hukawia kukauka. Juu ya msingi wa mawe huwa kinyume: mmea hudumaa. Mwaka wa mvua nzuri huoni kitu, kila mmea umeshiba.

Ila usikimbilie kusema umepata mji wa kale. Choo cha zamani, tanuri la mkaa, bomba, hata mfuko wa mbolea uliopasuka huacha alama. Mimi huanza na wazee: hapa palikuwa na nini?

Mara nyingi jibu ni zizi. Kule Narok, Kenya, watafiti walieleza mwaka 2018 kwamba viraka fulani vya nyasi nzuri ni mazizi ya wafugaji wa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Samadi yao bado inalisha udongo! Kwa hiyo kipande chenye rutuba ya namna hiyo usikimwagie mbolea ya dukani kama kwingine. Pima udongo kwanza, fedha ibaki mfukoni.

Na jembe likigonga vigae vya vyungu au mifupa, simama, fukia, kawaambie ofisi ya kijiji.