Utaratibu Uliojenga Klabu: Homebrew Computer Club ya California, 1975–1986

Historia ya kompyuta binafsi husimuliwa mara nyingi kwa kutaja majina ya wavumbuzi wachache na kampuni walizoanzisha, ilhali sehemu kubwa ya kazi iliyouwezesha uvumbuzi huo ilifanyika vikaoni, mbele ya watu waliokutana kuonyeshana walichokiunda na kuulizana kilichowashinda. Homebrew Computer Club, klabu iliyodumu katika jimbo la California kuanzia 1975 hadi 1986, ni mfano ulio wazi wa jambo hilo, na kinachostahili kuchunguzwa zaidi ni namna ilivyoendeshwa, kwa kuwa ustadi wa wanachama wake usingezaa matunda mengi kama usingekuwapo utaratibu wa kuwakutanisha.

Vikundi vya watu wa kompyuta vilikuwapo hata kabla ya hapo. Mwaka 1955 watumiaji wa kompyuta kubwa za IBM katika eneo la Los Angeles waliunda SHARE, umoja ambao wanachama wake walipeana programu, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta kufanya kazi fulani, ili kila mmoja asilazimike kuandika upya kile ambacho mwenzake alikwisha kukiandika. Umoja huo ulikuwa wa mashirika, kwa sababu kompyuta moja ya wakati ule ilijaza chumba kizima na bei yake haikuwa ya mtu binafsi. Hali ilibadilika Januari 1975, pale jarida la Popular Electronics lilipoitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande kwa bei isiyofika dola 400 ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe. Ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 256 tu, haikuwa na kibodi wala skrini, na mtumiaji aliingiza kila agizo kwa kupandisha na kushusha swichi zilizopangwa usoni pake.

Mashine ngumu kiasi hicho ilimfanya kila mwenye nayo amhitaji mwenzake. Tarehe 5 Machi 1975, kwa mwaliko wa Fred Moore, mwanaharakati wa amani, na Gordon French, mhandisi, watu 32 walikusanyika katika gereji ya nyumba ya French mjini Menlo Park, na sita kati yao walikwisha kujiundia kompyuta za namna fulani. Moore aliandika majina ya waliofika, akakusanya taarifa za nani ana nini na nani anahitaji nini, na kabla mwezi haujaisha akatoa toleo la kwanza la jarida dogo la klabu, ambalo liliwapasha habari hata wale ambao hawakuhudhuria.

Idadi ya wahudhuriaji ilipozidi nafasi ya gereji, mikutano ilihamishwa hadi ikapata makao katika ukumbi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford, na uendeshaji wa vikao ukachukuliwa na Lee Felsenstein, mhandisi ambaye mwaka 1973 alikuwa ameshiriki kuweka kifaa cha kuwasiliana na kompyuta ya matangazo ya umma katika duka la santuri mjini Berkeley. Felsenstein aligawa kikao sehemu mbili kuu. Katika sehemu ya kwanza, iliyoitwa uchoraji wa ramani, waliotaka kusema waliinuka mmoja mmoja wakaeleza wanachokiunda, vifaa walivyonavyo, tatizo lililowakwamisha au tetesi walizozisikia sokoni, naye akahakikisha kwamba hakuna anayehodhi muda na kwamba kila msikilizaji ametambua nani ana jambo linalomhusu. Katika sehemu ya pili watu waliachwa huru kutafutana, na ndipo vipuri, michoro ya saketi na programu vilipobadilishana mikono. Mgeni asiyejuana na yeyote aliweza hivyo kumpata mwenye jibu lake siku ileile, jambo ambalo mazungumzo yasiyo na mpangilio hayalihakikishi.

Matunda yalionekana mapema. Katika mkutano mmoja wa 1975 Steve Dompier aliweka redio ndogo karibu na Altair yake, akaingiza programu kwa swichi, na waya wa umeme ulipochomoka na kumbukumbu ikafutika ikambidi aanze upya. Hatimaye mawimbi yaliyotoka kwenye saketi yakasikika redioni yakiwa wimbo. Steve Wozniak, aliyehudhuria tangu siku ya kwanza, aliwagawia wanachama bila malipo michoro ya mashine ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Apple I.

Ukarimu huohuo ulizua mgogoro. Utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, uliobeba programu ya lugha ya BASIC ya Bill Gates na Paul Allen, ulinakiliwa ukagawiwa klabuni kwa sharti kwamba anayechukua nakala moja arudishe mbili, na mwanzoni mwa 1976 Gates aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi akilalamika kwamba walioinunua hawakufika asilimia 10 ya wenye Altair. Mwanachama Tom Pittman alijibu kwa vitendo: aliandika BASIC ndogo akaiuza kwa dola 5, bei iliyofanya kununua kuwe rahisi kuliko kunakili, akathibitisha kwamba haki ya mwandishi na maslahi ya jumuiya vyaweza kupatanishwa.

Klabu ilifungwa mwaka 1986, wakati kompyuta zilizotoka viwandani zikiwa tayari kwa matumizi zilikuwa zimeenea madukani. Somo lake kwa wanaoendesha vikundi vya waandishi wa programu leo, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, ni kwamba siku inayojulikana, ukumbi wa kudumu, kumbukumbu zilizoandikwa na mwenyekiti anayempa kila mtu nafasi ya kusema ni nguzo za kazi yenyewe, na anayezibeba nguzo hizo anastahili heshima sawa na ile anayopewa mvumbuzi.