Ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika Mashariki
Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, katika Ibara ya 6 unazifunga nchi wanachama kwenye demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Mlinzi wake ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkazi wa Chaani, wadi katika eneo bunge la Changamwe jijini Mombasa, anaweza kuishtaki serikali yoyote mwanachama bila kuanzia mahakama za nchini.

Kesi ya Katabazi, iliyofunguliwa dhidi ya Uganda, ndiyo nguzo ya ibara hiyo. Mnamo Novemba 2004 askari wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu mjini Kampala, wakawakamata tena washtakiwa 14 waliokwisha kupewa dhamana. Tarehe 1 Novemba 2007 majaji wa Jumuiya walitamka kwamba Uganda ilivunja utawala wa sheria. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwa kuwa mamlaka kamili juu ya haki za binadamu hawakupewa.

Ujasiri wa aina hiyo ulikuwa tayari umeigharimu Mahakama. Mahakama ilipozuia wabunge wa Jumuiya kutoka Kenya wasiapishwe, Novemba 2006, wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba mwezi uliofuata. Tangu marekebisho hayo, raia ana miezi 2 tu ya kufungua shauri.